Kusindikiza Si Kutembea

Mume wangu Hamduni ni mtu wa adabu, na adabu hiyo nusura itunyang'anye goti lake. Nasema "itunyang'anye" kwa sababu nimeishi naye hapa Kitaji, Musoma, miaka ishirini na mbili, na fundi tailizi asiyeweza kupiga magoti ni msiba wa nyumba nzima.

Wasioijua kazi hiyo hudhani inafanywa na mikono. Mikono inapaka simenti, sawa, lakini wanaofanya kazi hasa ni magoti. Toka asubuhi mpaka alasiri yuko chini, anaweka tailizi, anaigonga kwa nyundo ya mpira, anachungulia pima maji, anarudi nyuma kidogo, anaweka nyingine. Nyumba nyingi nzuri za Musoma zina sakafu ambazo mume wangu amezitambaa kuanzia ukuta mpaka mlango. Mimi ni fundi wa mapazia, kwa hiyo mara nyingi yeye akimaliza chini mimi naingia juu, na watu hututania kwamba tumegawana nyumba zao.

Goti lenyewe aliliumiza kwa starehe. Kulikuwa na bonanza kule Butiama, mafundi dhidi ya walimu, na mtu wa miaka arobaini na tisa akajiona anafaa kuvaa jezi namba tisa. Nilimwambia akae golini. Akanijibu kwamba golini wanakaa wazee. Dakika ya kumi na mbili akaruka kupiga kichwa mpira ambao, kwa maelezo ya mashahidi wote, ulikuwa umeshapita, akatua vibaya kwa mguu wa kulia. Walimu ndio waliombeba. Aliporudi nilimpa pole kwanza, kisha nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, na alistahili kuyasikia.

Tulidhani ni jambo la wiki moja, likawa la miezi kumi. Maumivu yalikaa palepale chini ya kifuniko cha goti. Akitembea polepole yanavumilika, akishuka ngazi anauma meno, na akijaribu kupiga magoti anatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku aliyomzika mama yake. Alichomwa sindano za kutuliza kwenye duka la dawa hadi akakosa upande wa kulalia. Zilimsaidia siku mbili tatu, kisha akarudi alipokuwa. Alijaribu kufanya kazi akiwa amekalia ndoo ya rangi. Mstari ukaenda kombo, akaubandua wote mwenyewe, akaniambia hawezi kumwachia mtu sakafu ya aina ile akalala usingizi.

Msikitini alihamia pembeni ya safu, kwenye kiti cha plastiki, akawa anainamisha kichwa tu wenzake wanaposujudu. Dini inaruhusu, wala hakuna aliyemsema. Lakini siku moja niliingia chumbani nikamkuta ametandika mswala, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, anajishusha taratibu huku jasho linamtoka. Hakufika chini. Nilirudi nyuma bila kumwambia kwamba nimemwona, nikaenda jikoni kulia.

Mdogo wake, Mussa, ana duka la vifaa vya ujenzi Bunda. Yeye kwa wema wake alimwita akakae kaunta, awauzie mafundi wengine tailizi. Hamduni alimshukuru kwenye simu. Baadaye aliniambia atajitibu kwa mara ya mwisho, na baada ya miezi mitatu kama hajaweza kupiga magoti atauza vifaa vyake, tutahamia Bunda, na mambo ya ufundi yatakuwa yameisha. Alisema kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya kawaida. Mimi niliona anapanga kuzikwa amesimama.

Wifi yangu Kudura, dada yao wa kwanza, anaishi Manyamanyama, hukohuko Bunda, na ndiye aliyetuletea habari za daktari wa mifupa na viungo anayekuja mara moja kwa mwezi kwenye kliniki moja ya binafsi kule. Anaitwa Mugeta, kijana wa hukuhuku Mara aliyekwenda kusoma mbali akarudi. Alikuwa amemchoma sindano mwalimu wa michezo ambaye sasa anakimbia. Kudura alivyolisimulia, ungedhani mwalimu yule alikuwa maiti.

Daktari alimlaza Hamduni, akampaka ute wa baridi kwenye goti, akapitisha juu yake kile kifaa cha picha wanachopimia wajawazito. Hamduni aliniangalia kwa aibu, nami nikamnong'oneza kwamba tuombe awe wa kike. Daktari akatuonyesha kwenye kioo lile kano nene linaloshika kifuniko cha goti. Palipokuwa pazima palionekana kama kamba iliyosokotwa vizuri, na palipoumia pakawa peusi, nyuzi zimeachana. Akasema limechakaa na kuchanika kidogo, na kwamba zile sindano za dukani zilikuwa zinanyamazisha maumivu tu huku yeye akizidi kulitumia.

Tiba aliyoieleza ilikuwa mpya masikioni mwetu. Angetoa damu ya Hamduni mkononi, aizungushe kwenye mashine mpaka ijitenge, achukue ile sehemu yenye chembe ambazo mwili huzipeleka mahali palipojeruhiwa ili paanze kupona, kisha aidunge palepale kwenye kano. Mwili ungestuka upya, ungeanza kulishughulikia jeraha uliloliacha. Nilimuuliza kama ni hakika.

"Siyo muujiza, mama," alisema. "Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo, na wengine hapana kabisa. Kano la mzee limechoka lakini halijakatika, ndiyo maana nakubali kujaribu. Na sindano peke yake haitoshi, atafanya mazoezi wiki kumi na mbili."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Wote waliotutibu kabla yake walikuwa na uhakika.

Hamduni alikuwa na swali lake. Damu ikishatoka mwilini ni najisi, je, inafaa kuirudisha? Daktari akasema hilo halimo kwenye vitabu alivyosoma. Basi mume wangu akampigia simu Sheikh Abubakary, imamu wetu, palepale kwenye benchi la kliniki, wagonjwa wote wakisikiliza. Sheikh akamuuliza damu ni ya nani. Akajibu ni yake mwenyewe. Akamuuliza anaitaka kwa ajili gani. Akajibu, ili apone. Sheikh akasema aache kumsumbua daktari wa watu, akatibiwe.

Damu ilirudi kutoka mashineni imegawanyika, chini nyekundu nzito na juu maji ya njano yanayofanana na mafuta ya alizeti. Haya ya njano ndiyo yaliyoingia gotini, na picha ikionyesha sindano inapopita. Nimezaa watoto watatu na sikumbuki kushika mkono wa mtu kwa nguvu aliyonishika nayo Hamduni dakika ile.

Masharti tulipewa kwa mdomo na kwa karatasi. Maumivu yangeongezeka siku chache, tusiogope. Asimeze wala kuchomwa dawa za kupunguza uvimbe kwa wiki kadhaa, maana huo uvimbe ndio kazi yenyewe. Panadoli tu ikibidi. Asikandwe. Siku tano za kwanza akae nyumbani, asifanye kazi, asitembee zaidi ya chumbani na chooni. Hamduni alisikiliza akitikisa kichwa kwa kila neno, akaahidi. Mtu akiahidi namna ile unaamini.

Siku ya kwanza nilishinda naye. Siku ya pili na ya tatu nilikuwa na mapazia ya kutundika kwenye nyumba ya wageni moja mjini, kazi niliyoichukua zamani. Nilimwacha kwenye kochi, mguu juu ya mto, chupa ya chai karibu, rimoti mkononi. Niliporudi siku zote mbili nilimkuta vilevile, mguu juu ya mto, na nikamsifu. Ndiyo, nilimsifu kwa mdomo wangu huu.

Siku ya nne asubuhi goti lilikuwa limejaa. Ngozi inang'aa, imevutika, na ukisogeza kiganja karibu unasikia joto. Hamduni hakuweza hata kulikunja ili akae chooni. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Limekwisha, Mama Ikhlas," aliniambia. "Mwambie Mussa ninakuja."

Ikhlas ni binti yetu mkubwa. Huwa ananiita kwa jina hilo, lakini siku ile alilitaja kama mtu anayeomba radhi.

Kudura alikuwa amelala kwetu, amekuja kumtazama kaka yake, na kabla sijajua la kufanya alishabandika maji jikoni na kumimina chumvi.

"Wifi, hili linakandwa," alisema. "Maji ya moto na chumvi. Sisi tunakandaga hivyo toka zamani na hakuna aliyekatwa mguu. Daktari amesoma, sawa, ila si yeye anayelia."

Nilimwambia daktari amekataza. Akaniuliza kama daktari yupo hapa analiona. Na mimi, niseme ukweli, sikuwa na nguvu za kubishana. Nilijifunga mtandio nikaenda duka la dawa, nikanunua vile vidonge vya uvimbe tulivyokatazwa, nikarudi navyo nimevifumbata mpaka karatasi ikalowa jasho. Nilikuwa nimeshamimina maji kwenye glasi. Kilichonizuia siwezi kukiita akili. Nilipomtazama mume wangu niliona amenyoosha mkono kuvipokea kama mtu aliyekata tamaa, na hilo liliniudhi. Nikaviweka juu ya kabati, nikampigia daktari, nikaweka sauti kubwa ili Kudura naye asikie.

Daktari alisikiliza. Hakustuka, akasema kuvimba kidogo alikutarajia, ila kwa siku ya nne hiyo ilikuwa imezidi. Akaniuliza kama ana homa. Hana. Akaomba kusema na mgonjwa, akamuuliza ametembea kiasi gani.

"Sijatembea kabisa, daktari," alisema Hamduni.

"Hata nje hujatoka?"

"Nimetoka kuwasindikiza wageni tu."

Nikageuka nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameketi wima, uso umetulia, hana hatia hata moja duniani.

Daktari akamuuliza kwa upole ni wageni wangapi, na Hamduni akaanza kuwataja. Watu walisikia ametoka kutibiwa wakaja kumpa pole, jambo la kawaida, na mgeni akija akainuka kwenda zake unamtoa, jambo la kawaida pia. Dafroza na Penina, majirani zetu wanaouza dagaa, aliwafikisha barabara ya lami. Sheikh Abubakary alimfikisha msikitini, kwa sababu huwezi kumwachia imamu aondoke peke yake nyumbani kwako. Mzee Emanuel, ambaye Hamduni aliwahi kumwekea sakafu, anaishi upande ule mwingine, akamfikisha kwake. Na Masatu.

"Masatu yupi?" nilidakia.

Masatu wa Rukuba. Rafiki yake wa miaka mingi, mwenye mitumbwi kisiwani. Alikuja na samaki wa kukausha aitwaye kamongo; mama yake Masatu anaapa kwamba supu ya samaki huyo inalainisha viungo. Alipoaga Hamduni akamtoa mpaka mwaloni anakopandia boti, mwendo wa dakika ishirini kwa mwenye magoti mazima. Boti ilikuwa haijajaa. Masatu naye ni mtu wa watu, hakutaka rafiki yake mgonjwa arudi mwenyewe, kwa hiyo akamrudisha hadi nusu ya njia. Hapo Hamduni akaona si vizuri mgeni aliyekuja kumpa pole arudi mwaloni peke yake. Wakageuka tena.

Nilipiga hesabu kichwani. Ndani ya siku mbili mume wangu alikuwa ametembea kuliko wiki nzima ya kazi, na kila jioni alirudi kwenye kochi, akapandisha mguu juu ya mto, akanisubiri.

"Mzee," alisema daktari, "kusindikiza ni kutembea."

"Hapana, daktari." Hamduni alijibu kwa heshima zote, kama anayemrekebisha mtoto wa mwenzake. "Kutembea ni kutembea. Kusindikiza si kutembea. Kusindikiza ni adabu."

Kudura alitoka nje na sufuria lake la maji ya chumvi. Nadhani alikwenda kuchekea uani. Mimi nilikaa chini sakafuni, nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, kisha nikainuka nikamwambia mume wangu maneno ambayo kwa bahati mbaya daktari aliyasikia kwa sababu simu ilikuwa bado wazi. Alisubiri nimalize. Halafu akasema bado yuko Bunda hadi kesho yake mchana, tumpeleke asubuhi, na tusimpe kitu chochote zaidi ya panadoli.

Sitaki kukumbuka safari ile. Hamduni alikaa mbele na mguu umenyooka. Hasira yangu ilikuwa imeisha na iliyobaki ilikuwa hofu tupu. Nilijilaumu kwa mapazia, nikajilaumu kwa kuolewa na mtu mwema. Kliniki daktari alipaka ute wake, akapitisha kifaa, akatazama kioo muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama midomo yake. Akasogeza kushoto, akasogeza kulia, akapima, akapima tena.

"Halijakatika," alisema. "Maji yamejaa pembeni na limekasirika, lakini nyuzi zimeshika. Ukitulia sasa, hatujapoteza kitu."

Niliegemea ukuta. Hamduni alifumba macho akasema Alhamdulillahi mara nyingi kwa sauti ndogo, na nikaona chozi linaingia sikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Nililifuta kwa pembe ya mtandio. Daktari akajifanya anaandika.

Tulipoaga alitutoa chumbani, akatufikisha kwenye korido, akaendelea kuongea nasi hadi getini. Pale getini ndipo alipojishtukia. Alimtazama Hamduni, Hamduni akamtazama yeye, na daktari akacheka hadi akavua miwani.

Kuanzia siku hiyo sheria ilikuwa moja. Wageni waje, karibu sana, ila wa kuwatoa ni mimi. Hamduni aliona ni fedheha. Sheikh Abubakary alipokuja mara ya pili, mume wangu alibaki amekaa huku ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, kama mtu aliyefungwa, akamwomba radhi mara tatu. Sheikh akamwambia amesamehewa toka mara ya kwanza. Hata hivyo baada ya kuondoka Hamduni hakula. Nami kwa wiki kadhaa nilizunguka Kitaji nzima nikisindikiza watu. Nilipungua kilo, viatu vikaisha, na nikafahamu siri za nyumba nyingi, kwa sababu mgeni haongei ya maana sebuleni, anayaongea njiani. Masatu nilimfikisha mwaloni mara mbili. Alitaka kunirudisha nusu ya njia na nilimkatalia waziwazi.

Uvimbe ulikwisha ndani ya wiki mbili. Mazoezi yakaanza, ya kukaa kwenye kiti na kuinuka polepole, kusimama kwa mguu mmoja kwenye ngazi ya mlangoni na kushuka taratibu huku nikimhesabia. Wiki ya tano hapakuwa na tofauti yoyote ya maana na nilianza kuficha uso wangu. Wiki ya saba akashuka ngazi za msikiti bila kushika ukuta. Aliniambia kwa mkato, kana kwamba akilitaja goti sana litasikia na kubadili mawazo. Wiki ya nane alilala usiku mzima bila kugeuka geuka. Wiki ya kumi daktari alimpima akasema sasa anaweza kujaribu kupiga magoti, aanze kwenye godoro, kisha kwenye mkeka.

Hakujaribu. Nilimwambia Jumatatu, akasema kesho. Jumanne, akasema ngoja Ijumaa. Alifanya mazoezi mengine yote kwa bidii ya mwanafunzi wa mtihani, ila hilo moja alilizunguka. Nikamgombeza, nikambembeleza, nikatandika godoro sebuleni likakaa siku mbili likigongana na miguu ya watu. Mwishowe alinieleza mwenyewe tukiwa tunakunywa chai.

"Sasa hivi sijui," alisema. "Nikijaribu nitajua. Kama nitashindwa, nitakuwa nimejua, Mama Ikhlas."

Sikumsumbua tena. Mussa alipiga simu kuuliza aandae chumba cha upande gani. Wiki ya kumi na mbili ikaingia, na Hamduni, bila kuniuliza, akampigia fundi mmoja wa Bunda anayeitwa Boniphace, akamwambia aje kuitazama mashine yake ya kukatia tailizi, akiipenda ainunue. Nilipojua nilinyamaza, na wanaonifahamu wanajua nikinyamaza ni hatari.

Boniphace alikuja Jumamosi asubuhi. Ni fundi wa juzijuzi, mpole, mwenye haraka ya kujifunza. Mimi nilikuwa kibarazani kwenye cherehani yangu, pazia la bluu limenijaa mapajani, na nilikusudia kutosema nao. Hamduni alikaa kwenye kiti chake akaelekeza. Mashine ya mkono ni kitu rahisi ukiijua, unachora mstari mara moja kwa lile gurudumu dogo, kisha unabana mpini na tailizi inaachana. Boniphace alipiga magoti kwenye saruji, akachora mara tatu, akabana, tailizi ikapasuka kona. Hamduni akamweleza tena. Ya pili ikapasuka katikati.

"Unaikandamizaga sana," alisema Hamduni. "Chora mara moja tu, mkono mwepesi."

Boniphace akaweka ya tatu. Akachora, na hata mimi nisiyejua tailizi nilisikia kwamba mlio wake haukuwa sawa. Akaanza kurudia mstari.

"Siyo hivyo, kaka, hebu," akasema mume wangu, naye akatoka kwenye kiti.

Alishuka. Hakushika kitu. Goti la kulia liligusa saruji, kisha la kushoto, akajisogeza mbele kidogo kama alivyokuwa akifanya miaka yote, akamwondoa Boniphace kwa kiwiko. Akafuta vumbi juu ya tailizi kwa kiganja, akachora mstari mmoja, akabana. Ikaachana safi. Akanyoosha mkono kuchukua nyingine huku anaeleza kwa nini usirudie mstari, na kwamba tailizi ukiichora mara mbili inakosa imani na wewe.

Mguu wangu ulikuwa umeganda juu ya pedeli ya cherehani. Sikuthubutu kusema. Niliogopa akijua atakumbuka kuumia. Alikata ya pili, akakata ya tatu nyembamba kama ya pembeni mwa ukuta, na Boniphace akainua macho akaniona jinsi nilivyokuwa nikilia, akashangaa.

"Baba Ikhlas," nilisema mwishowe. "Uko chini."

Akatazama magoti yake. Akaweka kiganja juu ya lile la kulia, akalishika vile unavyoshika paji la uso wa mtoto kuona kama homa imeshuka.

"Linaumaje?" nilimuuliza.

"Linanibana kidogo," alisema polepole. "Haliumi."

Boniphace hakuelewa yote, lakini alielewa ya kutosha. Aliisukuma ile mashine taratibu kwenye saruji, akaiweka mbele ya mume wangu. Mimi nilitupa pazia pembeni nikasogea nikamshika bega, nikamwambia ainuke sasa, daktari alisema aanze kidogo kidogo, asije akajiharibia siku ya kwanza.

"Niache kwanza," alisema Hamduni. Alikuwa anatabasamu. "Nina mwaka na zaidi sijafika huku. Niache nikae."